Mabango Yetu na Mvua ya Kakamega

Kabla sijaingia katika somo lenyewe, hebu niruhusu nikurudishe nyuma kidogo, hadi Ijumaa tarehe 5 Julai mwaka wa 2024. Unajua kwamba Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021, huadhimishwa tarehe 7 Julai. Mwaka huo tarehe hiyo iliangukia Jumapili, na katika shule ya kutwa kama yetu, Jumapili hakuna mtu ila bawabu. Kwa hivyo chama chetu kiliamua kusherehekea Jumatatu, na wageni kutoka shule jirani wakaalikwa.

Wakati huo nilikuwa Kidato cha Pili, na mimi ndimi niliyekabidhiwa kazi ya mabango. Wanachama 60 walitoa shilingi 20 kila mmoja. Usizidharau shilingi hizo, maanake kwa wengi wetu ni chapati ya saa nne. Nikapeleka shilingi 1,200 saiba, nikarudi na mabango 12 ya methali na picha, rangi zikimetameta kama mkia wa tausi. La kumi na tatu halikupigwa chapa. Lilikuwa karatasi ya manila ambayo msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza alikuwa ameandikia shairi la beti saba kumhusu nyanya yake aliyemlea, ambaye alikuwa ameaga dunia muhula huo. Alilitunga papo hapo kwenye manila kwa kalamu za rangi, na hakuwa na nakala nyingine.

Tulipokuwa tukiyabandika mabango kwenye ukuta wa nje wa maktaba, msichana huyo aliniuliza, "Dada, na mvua ikinyesha?"

Nikamjibu kwa maringo, "Si kuna paa hapo juu? Wewe usijali."

Jumamosi alasiri mvua ilinyesha, tena ile ya upepo ambayo haijui paa wala dari. Jumapili ikanyesha tena. Jumatatu asubuhi nilipoingia langoni nilimkuta yule msichana amesimama mbele ya ukuta, mkoba ungali mgongoni. Hakulia wala hakunisuta. Alikuwa akijaribu kusoma. Manila ilikuwa imekuwa kama shuka la mtoto lililolowa, na beti saba zilikuwa zimeshuka pamoja hadi chini, zikawa ziwa moja la zambarau. Yale mabango mengine 12, manane yalikuwa yamelala kwenye matope. Wageni walifika saa nne, wakatukuta na ukuta mtupu.

Mwalimu mlezi wetu hakunichapia kelele. Aliniambia tu kwamba chama hakitatoa hata ndururu tena kwa mabango mpaka nijue ni kwa nini yale yaliharibika. Makala haya ndiyo majibu yangu. Nimeyakawiza, lakini nilitaka kwanza nione kwa macho yangu.

Basi tuanze na wino, kwa sababu bango huanza kufa pale linapochapishwa.

Sisi sote tulipokuwa Kidato cha Kwanza tulifanya kromatografia katika somo la Kemia. Unaweka tone la wino kwenye karatasi ya kuchujia, unadondosha maji, na wino mweusi unapanuka na kuachana: buluu huku, manjano kule, zambarau pale. Tulishangilia sana siku ile. Kumbe ukutani kwa maktaba mvua ilikuwa ikifanya jaribio lile lile, ila haikuwa na mtu wa kuiandikia ripoti! Kalamu nyingi za rangi tunazotumia shuleni zina wino wa maji, na rangi yake imeyeyuka humo kama sukari katika chai. Maji yakija, rangi huinuka na kuyafuata. Printa nyingi zinazorusha wino wa maji ni vivyo hivyo. Zipo chache zenye wino wa chembechembe ambazo hazikuyeyuka, na hizo huvumilia zaidi, lakini ukienda saiba za mtaani usitegemee.

Printa ya leza ni jambo jingine kabisa. Hiyo haitumii wino. Inatumia unga laini wa plastiki uitwao tona, na unga huo huyeyushwa kwa joto kali ukaganda juu ya karatasi. Ndiyo maana karatasi ya leza hutoka ikiwa na joto. Plastiki haiyeyuki katika maji, kwa hivyo herufi hazitiririki hata ukizitia ndani ya karai.

Utajuaje saiba yako inatumia printa gani? Usiulize, maanake wengine hujibu tu ndiyo ili usiende kwa jirani. Omba wakuchapie neno moja kwenye kipande cha karatasi, kisha lamba kidole na usugue. Rangi ikija kidoleni, shukuru na uondoke. Kipande kile kitakugharimu kidogo kuliko mabango 12.

Kwa wanaoandika kwa mkono kama yule mwenzetu, jueni kwamba zile kalamu nene zinazonuka kama rangi ya kucha, ambazo walimu huogopa tukiziandikia madawatini, ndizo zisizotoka kwa maji. Kalamu ya risasi nayo, amini usiamini, haitoki kwa maji wala haififii kwa jua. Risasi ile ni aina ya kaboni, na kaboni jua haliiwezi. Ukiwa na shairi ambalo hutaki lipotee, kwanza andika nakala kwa penseli kwenye daftari. Laiti ningalimwambia hivyo Ijumaa ile.

Lakini wino mzuri peke yake hautoshi. Nalisema hili kwa sababu nilidhani unatosha. Kuanzia Septemba hadi Desemba 2024, kwetu nyumbani, nilipigilia misumari kipande cha plaiwudi kwenye ukuta wa jikoni unaopigwa na mvua, nikaweka juu yake vipande tisa vya karatasi vyenye neno "KISWAHILI" kwa rangi nne. Kimoja kilikuwa cha printa ya wino wa maji na kingine cha leza, vyote viwili vikiwa bila kinga yoyote. Vingine saba vyote vilikuwa vya leza, kila kimoja kikiwa na kinga yake. Mama alicheka sana. Majirani walidhani nimefungua chuo.

Cha wino wa maji kiliondoka mvua ya kwanza, hilo nililijua. Cha leza kilinifunza. Herufi zake zilibaki safi wiki baada ya wiki, lakini karatasi yenyewe ikalegea, ikavimba, ikaanza kudondoka vipande vipande. Herufi zilikuwa zikianguka zikiwa nzima! Karatasi imetengenezwa kwa nyuzinyuzi za selulosi zilizoshikana zilipokuwa zikikauka kiwandani. Ukizirudishia maji zinaachana. Hakuna wino utakaozuia hilo.

Sasa kuhusu vile vipande saba. Kimoja nilikisugua mshumaa kisha nikapitisha pasi ya moto juu ya kitambaa ili nta iingie. Maji yalikuwa yakiteleza juu yake kama juu ya jani la yugwa, na nilifurahi. Lakini nta huifanya karatasi ionyeshe kilicho nyuma yake, na siku za jua kali ililainika ikashika vumbi lote la barabara. Mshumaa unafaa kwa lebo ndogo, kwa mfano majina ya miche kwenye bustani ya shule. Kwa bango, hapana. Kingine nilikipaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka inang'aa kama kioo, nawe unaweza kudanganyika. Mvua ikija inageuka nyeupe tena kama maziwa na kulegea. Gundi ile ni ya ndani ya nyumba.

Cha vanishi kilikwenda vizuri kiasi, lakini kina masharti mengi. Vanishi ya mafuta hutia karatasi umanjano na kuifanya ionyeshe nyuma, kwa hivyo ni sharti kwanza uigandishe kwenye ubao uliopakwa rangi nyeupe. Vanishi ya maji usiipake kamwe juu ya wino wa maji, utakuwa umeleta mvua yako mwenyewe kwa brashi. Na kitu chochote chenye thina usikikaribishe kwa tona, kwa sababu thina huiyeyusha ile plastiki. Mimi nilifanya kosa hilo kwenye kipande cha majaribio, neno "KISWAHILI" likawa kama limeandikwa na mtu aliye ndani ya matatu inayopita kwenye mashimo.

Hapa ndipo nilipofikia jambo lililonifanya niandike makala haya.

Vipande viwili nilivipeleka saiba vikatiwa lamineshoni. Lamineshoni ni karatasi mbili za plastiki ngumu zenye gundi kwa ndani. Mashine huzipitisha kwenye moto, gundi inayeyuka na kuzishikamanisha. Kijana wa saiba alichukua makasi, akakata plastiki yote iliyozidi kwenye kipande cha kwanza, akanipa huku anatabasamu: "Dada, nimekukatia vizuri."

Enyewe kilikuwa kizuri. Cha pili nilimwomba asikikate, nikakiacha na ukingo wa plastiki wa kama sentimita moja kila upande. Vyote viwili vilikuwa vimetoka kwenye mashine moja, dakika moja, kwa shilingi 50 kila kimoja.

Mwisho wa Oktoba kile kilichokatwa vizuri kilikuwa kimeoza. Simaanishi kilififia. Kilioza. Kulikuwa na madoa meusi ya ukungu ndani ya plastiki, na karatasi imekuwa ya kijivu kutoka pembeni kuelekea katikati. Kilikuwa kibaya kuliko kipande cha leza kisichokuwa na kinga yoyote! Ndugu yake mwenye ukingo alikuwa mkavu kana kwamba ametoka saiba asubuhi ile.

Nilikaa nikifikiri. Plastiki ni ile ile, mvua ni ile ile. Tofauti ni moja tu. Kilipokatwa sambamba na karatasi, kingo za karatasi zilibaki wazi, uwazi mwembamba kuliko unywele. Karatasi hunywa maji kwa kingo zake kama utambi unavyonywa mafuta ya taa. Maji yakishaingia kati ya plastiki mbili, hayana njia ya kutoka. Jua linayapasha moto, ukungu unapata nyumba yenye joto, unyevu na chakula. Karatasi isiyo na plastiki angalau hulowa ikakauka, ikalowa ikakauka. Iliyofungwa nusu nusu hailowi sana, lakini haikauki kamwe.

Kwenye kile kingine, plastiki ya mbele na ya nyuma zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kuizunguka karatasi pande zote nne. Maji hayana pa kuingilia. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, nadhani walikuwa wanawaambia watu wa saiba.

Kwa hivyo kanuni ni hii, na kama utasahau mengine yote ukumbuke hili: mvua hailiui bango kwa kulipiga usoni, huliua kwa kuingia ubavuni. Sisi tunatumia nguvu zetu zote kuukinga uso kwa sababu ndio tunaouona. Kingo tunazikata "vizuri".

Nilipolijua hilo nilianza kuliona kila mahali. Ile plaiwudi yenyewe niliyotumia ilianza kufumuka, na ilianzia kwenye kingo ambako matabaka yake yako wazi, ilhali uso wake ulikuwa mzima. Fundi seremala hupaka kingo rangi kwanza, mara mbili. Na matundu je? Tundu ni ukingo pia! Ukitoboa msumari katikati ya bango lililotiwa lamineshoni umelifungulia maji mlango. Toboa kwenye ule ukingo wa plastiki tupu, usiguse karatasi. Ndiyo maana mimi hupunguza karatasi kabla ya kuitia katika lamineshoni, ili ukingo upate nafasi. Agiza plastiki ya ukubwa wa A3, uweke ndani karatasi iliyopunguzwa sentimita moja kila upande, kisha simama karibu na mashine na useme, "Usikate, kaka." Sema mapema, kabla hajashika makasi. Na kama bango ni la wino wa maji, liache likauke siku nzima kabla ya kulifunga, maanake unyevu wa wino wenyewe ukifungiwa humo ni maji pia.

Halafu lijaribu. Chukua karai la maji, zamisha kona moja usiku kucha, asubuhi utazame. Mabango yetu yote ya sasa yalilala katika karai la Mama kabla ya kwenda ukutani.

Wengine mtasema lamineshoni ni ghali, na bango kubwa kuliko A3 halipiti kwenye mashine za saiba. Ni kweli. Hapa ndipo selotepu pana inapoingia, ile ya kufungia maboksi. Mara ya kwanza niliibandika kuanzia juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, kila wa chini ukiupanda wa juu. Mzee mmoja jirani yetu ambaye ni fundi wa mabati alipita, akasimama, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "hiyo nyumba yako itavuja."

"Kwa nini, Mzee?"

"Umeanza na bati la juu."

Akanionyesha. Mabati huanza kupigiliwa chini, kwenye upenu, kisha la juu hulilalia la chini kwa kiasi. Maji yakishuka yanapita juu ya kiungo. Ukianza juu, kila kiungo kinakuwa mdomo ulioachama ukiyangoja maji. Nikabandua yote, nikaanza upya kutoka chini, kila mstari mpya ukilalia ule wa chini yake kwa upana wa kidole. Nyuma ya karatasi nikafanya vile vile, na pembeni nikaacha selotepu ya mbele na ya nyuma zikutane na kushikana, kama kwenye lamineshoni. Kipande hicho kilifika Desemba. Nakiri kwamba selotepu ilianza kuwa ya manjano na kukakamaa kwa jua, na sidhani kama ingemaliza mwaka. Lakini bango la sherehe au la mashindano halihitaji mwaka. Kwa muhula mmoja, selotepu inatosha kabisa.

Walimu wetu wanaweza kukumbuka kwamba zamani watu walifunga mabango ndani ya mifuko ya nailoni ya dukani. Mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku hapa Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo njia hiyo tusiihesabu. Mimi mwenyewe nilihesabu vipande tisa, na mwangalifu ameshaona kwamba nimetaja vinane. Cha tisa kilikuwa na karatasi angavu ya kujalidia vitabu, ile yenye gundi. Ilifanya kama selotepu, ila inaingiza mapovu usipoikandamiza polepole kwa rula.

Turubai za plastiki zilizochapwa, zile zenye pete za chuma pembeni, ndizo bora kuliko zote, wala sibishani. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2022 mabango ya karatasi ya wagombea yalitoweka upesi hapa kwetu, mengine yakiliwa na mbuzi waliopenda ile gundi ya unga wa ngano, ilhali ya turubai yaliendelea kutuchekea kutoka kwenye nguzo muda mrefu baada ya wenyewe kushindwa. Lakini bei ya turubai ilikishinda chama chetu, na turubai ikiisha kazi haiozi wala haina pa kwenda.

Kuna adui wa pili ambaye watu wanamsahau kwa sababu anakuja bila kelele. Umewahi kuingia kwenye kinyozi ukatazama zile picha za mitindo ya nywele dirishani? Vichwa vyote ni vya buluu! Picha hizo hazikuchapwa hivyo. Miale ya urujuanimno ya jua huvunja rangi, nayo huanza na nyekundu na manjano, ikibakisha buluu na nyeusi. Plastiki ya kawaida haiizuii vya kutosha. Kwa hivyo ujumbe wako muhimu, jina na tarehe na mahali, uandike kwa rangi nyeusi. Nyekundu ni ya kuvutia macho wiki ya kwanza tu.

Hapa somo la Jiografia hutusaidia. Kakamega iko karibu sana na Ikweta. Jua la adhuhuri huwa karibu utosini mwaka mzima, likiinama kidogo upande wa kaskazini katikati ya mwaka na kidogo upande wa kusini mwishoni. Kuta zinazotazama mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini la asubuhi na la jioni, ambalo upenu hauwezi kulizuia. Kuta za kaskazini na kusini hupata kivuli cha upenu saa zile jua linapokuwa kali zaidi. Ukuta wetu wa maktaba, niliousifu mbele ya yule msichana, unatazama mashariki. Zaidi ya hayo ndio unaopigwa na mvua ya upepo. Niliuchagua kwa sababu uko karibu na lango.

Na usilibandike bango moja kwa moja ukutani. Ukuta hunywa maji na kuyatoa polepole, na nyuma ya bango hakuna hewa. Pigilia kwanza fito mbili za mbao, moja juu na moja chini, kisha bango liwe juu ya fito, hewa ipite nyuma. Mimi hufanya ufito wa juu uwe mnene kuliko wa chini ili bango liinamie mbele kidogo kama mtu anayesoma kaburi, maji yadondoke badala ya kutambaa. Misumari iwe ya mabati, ile iliyopakwa zinki. Pini za kawaida hushika kutu na kulia machozi mekundu juu ya kazi yako.

Mapambo mengine sitayazungumzia sana. Minyororo ya karatasi na maua ya karatasi laini hayana dawa. Yaweke ndani ya ukumbi, basi. Herufi kubwa za kukata zikatwe kutoka kwa kitu kisichokunywa maji, kwa mfano galoni za plastiki zilizopasuka, zipakwe rangi ya mafuta. Nao mabango ya methali yanayokaa mwaka nenda mwaka rudi, mimi nadhani tusiyachapishe hata kidogo. Shule nyingi za msingi zina ramani na picha za mwili wa binadamu zilizochorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, na watoto wa watoto watazikuta. Methali haibadiliki, ipakwe ukutani. Karatasi tuiachie mambo yanayobadilika: tarehe, majina ya washindi, mashairi ya mwaka huu.

Mei 2025 tulibandika mabango tisa upande wa kusini wa maktaba, kwa fito na kwa misumari ya mabati. Mwalimu mlezi alitoa pesa baada ya kukiona kile kipande changu cha Septemba na kukizamisha yeye mwenyewe katika ndoo ya ofisini.

La tisa ni la yule mwenzetu, ambaye wakati huo alikuwa Kidato cha Pili. Alikumbuka beti sita. Ya saba haikuja. Alijaribu muhula mzima, nami nilimketia karibu saa za mchana nikimtajia maneno, hata nikathubutu kumwambia atunge nyingine mpya, nani atajua? Akanitazama tu. Tulichapisha beti sita kwa leza, nyeusi, na chini tukaacha mahali peupe penye ukubwa wa ubeti mmoja. Wageni huuliza kama mashine iliishiwa na wino.

Juzi niliona kona ya chini ya kushoto ya bango hilo ina povu dogo, plastiki zimeanza kuachana kwa kama nusu sentimita. Maji bado hayajafika kwenye karatasi. Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho nitalishusha, nilikaushe, niifunge kona hiyo. Atakayekuwa na selotepu pana aje nayo, yangu imekwisha.